Jengo Linalojua Lilipo

Yapo majengo yanayofanana na mimea, na yapo majengo yaliyojifunza kwa mimea. Watu wengi huyachanganya makundi haya mawili, na hata wasanifu wa majengo wenyewe hawakuepukana na mchanganyiko huo. Jengo la kundi la kwanza hupewa paa lenye umbo la ua, nguzo zilizochongwa majani, au lango lenye mitende ya saruji. Hupigwa picha, husifiwa, na mvua ya kwanza huvuja ndani yake kama inavyovuja katika jengo jingine lolote. Jengo la kundi la pili huenda lisifanane na mmea wowote duniani. Lakini ukiliuliza maji yanakwenda wapi, hewa inaingilia wapi, joto linatokea wapi, na miguu yake imejishikiza vipi katika udongo ule, litakupa majibu yaleyale ambayo ungepewa na mti uliozaliwa mahali pale.

Nataka kulitetea kundi hili la pili. Nitaanza na dungu la bonde letu la Kilombero, kisha nitakwenda Dar es Salaam kulitazama Soko la Kariakoo, na mwisho nitarudi Ifakara kusema neno juu ya mchoro mmoja ulioletwa mbele yetu, maana mchoro huo ndio ulionifanya nishike kalamu. Mimi si msanifu wa majengo. Nilifundisha jiografia, nikafundisha walimu, nikastaafu nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu. Lakini mtu aliyekaa ndani ya madarasa kwa miaka arobaini ana haki ya kuwahakiki waliyoyajenga, kama vile mlaji alivyo na haki ya kumhakiki mpishi hata kama yeye mwenyewe hajui kuunga mchuzi.

Kwanza mahali penyewe. Ifakara iko chini ya mita 300 kutoka usawa wa bahari. Kaskazini-magharibi milima ya Udzungwa imesimama kama ukuta; kusini-mashariki ni milima ya Mahenge. Kati yake ni tambarare ya mafuriko, ambayo mwaka 2002 iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, ikiwa na eneo la karibu kilomita za mraba 8,000. Mito mingi midogo hushuka kutoka milimani na kumwagia maji yake Mto Kilombero. Masika ikikolea, mbuga hugeuka ziwa. Kiangazi kikifika, udongo uleule hupasuka nyufa ambazo mtoto anaweza kuzamisha mkono hadi kiwiko, na moto wa nyika hupita juu yake. Mgeni anayekuja Septemba hawezi kuamini habari za Aprili, na michoro mingi ya majengo yetu, nadhani, imechorwa na wageni wa Septemba.

Mmea unaoishi katika mbuga hiyo hauna anasa ya kuchagua msimu. Sharti uyaweze maji, ukame na moto, vyote kwa mwaka mmoja. Tazama mpunga-mwitu: maji yakipanda, shina lake hurefuka kuyafuata, maji yakishuka, hulala chini, na mashina yake ya ardhini hubaki yakingoja mwaka ujao. Tazama matete ya kandokando ya mto: shina ni tupu ndani, lakini kila baada ya kipande kuna kifundo, na kifundo hicho ndicho kinachozuia tete lisipondeke linapoinamishwa na mkondo. Na tazama mvumo, mti ninaoupenda kuliko miti yote ya bonde hili. Hauna matawi ya kushikwa na upepo. Jani lake ni pana kuliko meza ya mwalimu, na bado halilegei, kwa sababu limekunjwa mikunjo kama feni. Nilikuwa nikiwaambia wanachuo wangu: shikeni karatasi ya daftari kwa ukingo mmoja, muone inavyoinama, sasa ikunjeni mikunjo, muishike tena. Inasimama. Ni karatasi ileile, uzito uleule. Bati la migongo linasimama kwa sababu hiyohiyo. Henry Robinson Palmer, mhandisi wa Kiingereza aliyelipatia hataza mwaka 1829, sidhani kama alipata kuuona mvumo, lakini wote wawili walilijibu swali moja kwa jibu moja.

Katika mbuga hii wakulima wa mpunga hujenga dungu. Msomaji wa mjini pengine analijua dungu kama kijukwaa tu cha kuamia ndege. La Kilombero ni zaidi ya hapo; ni nyumba ya msimu mzima. Huchimbiwa nguzo za mti mgumu zenye panda juu. Juu ya panda hulazwa miti, na juu ya miti hutandikwa fito zilizokaribiana, zikawa sakafu. Kuta ni za matete au hazipo kabisa upande wa upepo. Paa ni la nyasi, mteremko wake mkali, na kingo zake hushuka chini hadi mtu mzima huinama kuingia. Ngazi ni mti mmoja uliokatwa vidato, au miti miwili yenye vipandio. Hakuna msumari, viungo vyote vimefungwa kwa kamba za magome.

Nimeyatazama madungu kwa miaka mingi, na kila mara naona akili iliyomo. Maji yakija, hupita chini yake, hayabishani nayo, kwa maana hakuna ukuta wa kuyazuia. Jioni moto huwashwa chini, na moshi unaopenya katika fito huwafukuza mbu na kukausha masuke yaliyowekwa juu. Aliye juu huona ndege, nguruwe na kiboko kabla hawajamwona yeye. Hewa huingia kutoka chini na kutoka pande zote, hata usiku wa Februari mtu analala. Na vipimo vyake havikutoka katika kitabu. Upana wa dungu ni urefu wa mti ambao mwanamume mmoja anaweza kuubeba begani kutoka msituni. Jambo hili si geni kwa watu wa pwani: vyumba vya nyumba za mawe za Lamu na Unguja ni virefu lakini vyembamba, kwa sababu upana wake uliamriwa na urefu wa boriti za mikoko. Huko nako mmea ndio uliochora ramani, mwashi akafuata.

Hata hivyo sitaki kulipamba dungu kuliko linavyostahili. Nimewasikia vijana wasomi wakilisifu kwa maneno ambayo hawangeyasema kama wangelala humo wakati mvua ya upepo inapopiga kwa ubavu. Watoto huanguka kutoka juu. Mgonjwa hupandishwa kwa shida, na mama mjamzito hali kadhalika. Cheche moja ya moto ule wa jioni inatosha kuliteketeza. Mchwa huanza kazi tangu siku ya kwanza, na baada ya misimu michache nguzo hubaki ganda. Choo ni tatizo ambalo dungu halijalijibu hata kidogo, na katika mbuga iliyofurika tatizo hilo si dogo. Wala moshi haumzuii mbu vya kutosha. Bonde hili ndilo lililoshiriki katika kuionyesha dunia nguvu ya chandarua chenye dawa: katika mradi uliofanywa Kilombero na Ulanga miaka ya 1990, uhai wa watoto wadogo waliotumia vyandarua hivyo uliongezeka kwa asilimia 27, na matokeo yakatangazwa mwaka 2001. Kwa hiyo ninaposema dungu limesoma mahali pake, sisemi limesoma yote. Limefaulu somo la maji na la hewa. Somo la afya limelishinda.

Ipo pia historia ambayo vijana wengi hawaijui. Zamani familia nyingi ziliishi zimetawanyika, karibu na mashamba yao. Wakati wa kuhamia vijijini, katikati ya miaka ya 1970, watu walisogezwa penye barabara, shule na zahanati. Mashamba ya mpunga hayakusogezwa. Kutokana na hapo bonde letu lilipata maisha ya nyumba mbili: nyumba ya kijijini ya kiangazi, na dungu la shambani la wakati wa kilimo, kilomita nyingi kutoka hapo. Mwalimu yeyote aliyefundisha huku atakuambia matokeo yake. Fungua daftari la mahudhurio la kijiji cha wakulima wa mpunga, utaona mistari ya wasiokuwepo inavyoanza kuongezeka kuanzia Februari na kuendelea hadi mavuno. Watoto hawakutoroka. Wako kwenye madungu, wanaamia ndege.

Sasa twende Kariakoo. Soko hili lilibuniwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo Waafrika wa kwanza katika Afrika Mashariki, likafunguliwa mwaka 1975. Mara ya kwanza nilipoliingia nilifuata gunia la mchele nililotumwa kulipokea, wala sikuwa na nia ya kutazama usanifu. Lakini mtu hawezi kukaa chini ya paa lile bila kuinua macho. Paa si moja. Ni miavuli mingi ya zege, kila mmoja umepinduliwa mdomo juu, na kila mmoja umesimama juu ya nguzo yake. Mvua ya Dar es Salaam huangukia katika midomo hiyo, hukusanyika katikati, hushuka, ikaishia katika matangi ya chini ya ardhi. Chini ya miavuli, kuta zimepunguzwa ili hewa ipite.

Masoko yetu ya asili yalikuwa chini ya miti, na wengi wamesema kwamba Amuli aliurudisha mti ule kwa zege. Nakubali, lakini naona ni vyema kuuliza: mti gani? Mwembe na mkungu huyamwaga maji pembezoni mwa kivuli chao. Ndiyo maana muuza nyanya aliye ukingoni hulowa wa kwanza. Mwavuli wa Kariakoo haufanyi hivyo. Unafanya anavyofanya mgomba na mnanasi, mimea ambayo majani yake yana mfereji wa kuyaleta maji ndani, kwenye shina. Basi Amuli alichukua kivuli cha mwembe na mfereji wa mgomba akaviunganisha, akapata mti usiokuwepo katika msitu wowote. Huku ndiko ninakokuita kujifunza kwa mmea. Mnakili angetuchongea mwembe wa zege, na mchuuzi angeendelea kulowa.

Ukitaka mfano wa nchi za mbali, upo mmoja maarufu. Joseph Paxton alikuwa mtunza bustani huko Chatsworth, Uingereza. Alifaulu kulichanusha yungiyungi kubwa kutoka Amerika ya Kusini, akashangaa jinsi jani lake jembamba lilivyoweza kubeba hata mtoto. Akaligeuza, akaziona mbavu za chini: kubwa zinatoka katikati, ndogo zinaziunganisha. Mbavu hizo zilimsaidia kufikiri paa la vioo la Crystal Palace, lililojengwa London kwa ajili ya maonyesho ya mwaka 1851. Hakuna mgeni wa maonyesho yale aliyeliona jengo akasema, tazama, yungiyungi! Kinyume chake ni hekalu la Wabahai huko New Delhi, lililofunguliwa mwaka 1986, ambalo kila mtoto huliona na kulitaja ua lake. Ni jengo zuri, sikatai, na mabwawa yanayolizunguka yanapoza hewa inayoingia. Lakini kinachopoza hewa ni mabwawa, petali ni za macho.

Jengo la Paxton liliungua mwaka 1936 likaisha. Kariakoo nayo iliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, na wengi tuliozitazama habari zile tulidhani ndio mwisho wake. Serikali iliamua kulikarabati jengo la zamani na kujenga jingine kando yake. Niliufurahia uamuzi huo kuliko nilivyotarajia. Hata hivyo mhakiki hana budi kusema na upande wa pili. Kwa miaka mingi kabla ya moto, vibanda vilikuwa vimejaa chini ya miavuli ile na kandokando yake, hata njia za hewa ambazo mbunifu aliziacha wazi zikazibwa kwa marobota. Mti ukizungushiwa magunia hadi kwenye matawi hauwezi tena kutoa ubaridi. Kosa si la aliyeuchora. Lakini mchoro ambao hauzingatii tabia ya watu watakaoutumia umesoma hali ya hewa tu, haujamaliza kupasoma mahali.

Narudi Ifakara. Darasa la kawaida la nchi yetu wote tunalijua: jamvi la zege chini, kuta za matofali, madirisha pande mbili, kenchi za mbao, bati. Ramani yake ni moja, iwe Dodoma penye ukame, iwe Njombe penye baridi, iwe huku kwetu. Faida yake siipuuzi. Fundi yeyote anaijua, gharama yake inajulikana, na nchi iliyokuwa na haraka ya kusomesha watoto wake ilihitaji ramani ya namna hiyo. Lakini katika bonde hili ina kasoro mbili ambazo hazijaandikwa katika ripoti yoyote niliyoisoma. Ya kwanza ni jamvi, ambalo likijengwa mbugani huwa sakafu ya bwawa. Ya pili ni kelele. Mvua inapopiga bati tupu lisilo na dari, mwalimu hunyamaza. Si kwamba anapaza sauti. Ananyamaza, anaandika ubaoni, watoto wananakili. Nimekagua walimu wanafunzi waliokuwa katikati ya somo zuri, mvua ikaja, somo likafa. Bati hilohilo saa sita mchana wa jua hukifanya chumba kuwa tanuri. Jani la mvumo lina mikunjo kama bati, lakini halisimami peke yake: juu yake kuna jani jingine, na kati yao hewa inapita. Tumechukua mkunjo, tukaacha tabaka.

Kijiji kimoja cha ng'ambo ya mto kilipoamua kujenga madarasa mawili karibu na mashamba, ili watoto wa kwenye madungu wasipoteze nusu ya mwaka, niliombwa niingie katika kamati kama mzee. Tulikuwa na ramani ya kawaida mkononi. Ndipo kijana mmoja wa hapa, niliyemfundisha marehemu baba yake, na ambaye amesomea usanifu wa majengo, akaomba kuleta mchoro wake bila malipo.

Mchoro wake wa kwanza ulikuwa mbaya kwa namna ya kupendeza. Paa lilikuwa taji la mvumo, ncha zimesambaa pande zote kama jogoo aliyekasirika.

"Shikamoo Mwalimu. Unauonaje?"

"Marahaba, mwanangu. Umechora kofia. Mvua ikinyesha, kofia hii inaipeleka wapi?"

Alinyamaza kidogo, kisha akacheka, akaikunja karatasi yake. Hakuonekana tena hadi masika ilipokwisha. Baadaye nilielewa alikokuwa. Alikwenda kwenye kiwanja, akachimbia miti minne yenye alama za sentimita, akawa anasoma kimo cha maji kila wiki. Akawauliza akina bibi maji yalifika wapi katika mvua za El Niño za 1997/98, wakamwonyesha kwenye shina la mvumo mmoja uliopo palepale. Akatazama upepo wa alasiri unatoka upande gani. Kwa maoni yangu kazi yote ya usanifu ilifanyika katika miezi ile, kabla hajagusa kalamu.

Mchoro wa pili haukufanana na mmea wowote. Sakafu imeinuliwa mita moja na nusu juu ya miguu ya zege, juu ya alama ya bibi wale. Chini yake ni kivuli ambacho wakati wa kiangazi kinaweza kuwa darasa la tatu. Paa ni la bati lililopangwa kwa mikunjo mikubwa mitatu, kingo zimetoka nje zaidi ya mita moja, kama majani ya msituni Udzungwa ambayo ncha zake hushuka kuyadondosha maji mbali na shina. Chini ya bati kuna nafasi ya hewa, kisha dari ya mikeka ya matete, inayozuia joto na kuipunguza kelele ya mvua. Mabonde ya mikunjo huyapeleka maji katika tangi, kwa sababu wakati wa mafuriko kitu adimu kuliko vyote ni maji safi. Madirisha na pembe za paa zina wavu.

Juu ya suala la kuinua sakafu, kijana alikuwa na hoja ambayo sikuwa nayo. Huko Gambia watafiti walijaribu vibanda vinavyoweza kuinuliwa, na mwaka 2021 wakatangaza kwamba kibanda kilichoinuliwa mita 3 kiliingiwa na mbu wa malaria pungufu kwa asilimia 84 kuliko kile cha chini. Huko Mtwara zimejengwa nyumba 110 za ghorofa, za kuta nyepesi zinazopitisha hewa, ili kupima kama watoto wanaolala juu huugua kidogo, na wabunifu wake walianza kwa kuzitazama nyumba za miguu mirefu za Asia ya Kusini-Mashariki. Nilipolisikia hilo nilitabasamu. Wangeweza pia kupitia Kilombero, nauli ni rahisi zaidi. Lakini kwa haki niseme kwamba wao waliongeza wavu na choo, vitu ambavyo dungu letu limevikosa siku zote.

Pingamizi kubwa kuliko yote lilitoka kwa mjumbe mmoja mwanamke, naye hakuzunguka. Kwa nini, aliuliza, tujenge mahali tunapojua patafurika, tukajivunia werevu wa miguu mirefu, badala ya kujenga kwenye mwinuko? Ni swali zuri, na katika sehemu nyingi jibu lake ni kujenga kwenye mwinuko. Mmea wenyewe hufanya hivyo: mninga hauoti mbugani. Lakini mwinuko wa karibu uko kilomita kumi, na watoto wako mbugani. Mpunga ndio uliowapeleka huko, wala si ramani ya msanifu. Shule ikikaa kwenye mwinuko itabaki kavu, na tupu.

Nimemuunga mkono kijana, lakini kwa masharti, na masharti hayo nimeyaandika katika barua kwa mwenyekiti. La kwanza ni ile mikunjo ya paa. Kila bonde la bati ni mfereji, na kila mfereji hukusanya majani. Mvumo hauna shida hiyo, kwa kuwa jani lake likichoka hukauka, hudondoka, lingine linachipua. Bati halidondoki. Nani atapanda kusafisha, kwa ngazi gani, mara ngapi kwa mwaka? Nimependekeza mikunjo mitatu iwe mmoja, hata kama uzuri utapungua. Kijana hakufurahi.

La pili ni mtoto asiyeweza kutembea. Dungu lilimwacha chini, na shule haina ruhusa ya kumwacha. Kwa kimo cha mita moja na nusu, njia ya mteremko anayoweza kuipanda mtu mwenye baiskeli ya magurudumu matatu itahitaji mita 18, kama kila sentimita moja ya kimo itapewa sentimita kumi na mbili za urefu. Hilo litagharimu saruji nyingi. Kijana anasema inaweza kuzungushwa chini ya kingo za paa ikawa pia kibaraza. Nimemwambia aichore, tuone.

La tatu ni miguu. Ameichora ya zege, na wafadhili wanaipenda zege. Lakini bonde hili limepandwa mitiki kwa maelfu ya hekta tangu miaka ya 1990, na mbao zake nyingi husafirishwa nje. Sakafu na kenchi za mtiki wa hapahapa zingeweza kutengenezwa na mafundi wa Ifakara, wala mtu asingehitaji kuagiza fundi kutoka mbali nguzo moja ikipasuka. Miguu yenyewe nakubali iwe ya zege. Mchwa wa mbugani nawafahamu.

Na liko dogo la nne, ambalo wajumbe walilicheka. Chini ya sakafu, penye kile kivuli kizuri, pasipowekwa kazi inayojulikana tangu siku ya kwanza, watalala mbuzi. Kariakoo imenifundisha hivyo. Nimeomba mabenchi ya saruji yajengwe pale mapema, na ubao mweusi kwenye nguzo ya katikati.

Uamuzi bado. Kikao kimeahirishwa hadi baada ya mavuno, kwa kuwa akidi haikutimia: wajumbe saba kati ya kumi na mmoja wako kwenye madungu yao.